Vakyumu ya mpini mrefu ya kusafishia gata niliyoiunga mwenyewe: uzoefu wangu

Seti ninayoizungumzia ina vakyumu ya maji na vumbi yenye mota mbili na pipa la lita 60, mpira wa mita 10, mabomba ya alumini ya milimita 50 yanayounganishwa hadi mita 6 (ndiyo mpini), shingo ya PVC iliyopinda inayokaa juu ya mpini, na kamera ndogo ya Wi-Fi. Inasafisha gata za nyumba ya ghorofa moja mtu akiwa amesimama chini, bila ngazi. Naipa nyota nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya viungo vya mabomba, ambavyo vinadai kazi kubwa kuliko sehemu nyingine zote.

Mwenye kuvuna maji ya mvua ndiye atakayefaidi zaidi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, kwa hiyo paa la mita za mraba 120 likinyeshewa milimita 25 linatoa karibu lita 3,000. Gata ikiziba pale maji yanapoingilia bomba la kushushia, sehemu kubwa ya hayo inamwagika kwenye fascia (ubao wa ukingo wa paa) na ukutani, na simtanki inabaki nusu. Maji yanayobaki yamesimama humo ndani ni mazalia ya mbu aina ya Aedes, yule anayeeneza homa ya dengue. Muda mzuri wa kusafisha ni kabla ya vuli na kabla ya masika.

Nianze na mashine, maana hapo ndipo watu wanapoteza pesa. Wengi wananunua kwa kuangalia wati. Wati zinakuambia umeme unaoliwa tu. Kinachobeba uchafu ni hewa inayopita ndani ya bomba, na mwendo wake. Fuatilia tope linavyosafiri: linatoka kwenye gata, linapanda shingo kwa chini ya nusu mita, kisha linashuka kwa uzito wake ndani ya mpini hadi kwenye mpira. Kwa hiyo urefu wa nyumba hausumbui sana kama watu wanavyodhani. Pambano lote liko kwenye ile shingo, na kule chini tope linapokunja kuingia kwenye mpira.

Kwa tope na majani mabichi mimi nataka hewa ikimbie zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Tuseme mota moja inapitisha lita 30 kwa sekunde ikiwa imeshafungwa mpira na mabomba. Kwenye bomba lenye tundu la milimita 51 hewa hiyo inakwenda kama mita 15 kwa sekunde, na tope linaanza kulala ndani. Kwenye bomba la milimita 38 lita hizo hizo zinakwenda karibu mita 26. Kweli bomba jembamba lina msuguano zaidi na litapunguza hewa kidogo, lakini bado utakuwa juu ya kiwango. Kwa hiyo ukiwa na mota moja tumia mabomba ya inchi moja na nusu. Ukiwa na mota mbili nenda inchi 2. Mota moja kwenye bomba la inchi 2 ndiyo sababu kubwa ya watu kulalamika kwamba kifaa hakivuti.

Mota mbili zilizokaa sambamba haziongezi nguvu ya mvuto. Zinaongeza hewa. Ukiziba mdomo wa mpira kwa kiganja hutaona tofauti kubwa kati ya mashine ya mota moja na ya mota mbili, kwa hiyo usiipime dukani kwa njia hiyo. Achia mpira wazi, weka mdomo karibu na kokoto na majani yaliyolowa, uone inavyoyabeba.

Hakikisha mota ni ya aina ambayo hewa ya kuipoza haipiti njia moja na hewa chafu. Vakyumu ya kawaida ya zulia inapozwa na hewa ile ile inayonyonya; unyevu ukiingia humo mota imekwisha, na mtumiaji anaweza kupigwa shoti. Toa chujio la karatasi unapofanya kazi ya maji, uweke la sponji. Chini yake kuwe na kielea kinachofunga njia pipa likijaa. Kijaribu kwa ndoo za maji safi kabla hujaenda kazini.

Kuna wanaotaka kuweka pipa la kati ili tope lisifike kwenye mashine. Wazo zuri, ila si kwa ndoo ya rangi ya lita 20. Mvuto wa kilopaskali 20 kwenye mfuniko wenye kipenyo cha sentimita 30 ni sawa na uzito wa kama kilo 144, na ndoo hiyo inabonyea mara tu mpira unapoziba. Tumia pipa la chuma, au la plastiki nene lenye kuta za mviringo na mfuniko wa pete ya kukaza. Liwe dogo kiasi cha kubebeka. Lita 30 za tope zina uzito unaozidi kilo 30, kwa hiyo mimi namwaga pipa likifika nusu.

Umeme. Mota mbili za wati 1,200 zinakula wati 2,400, yaani ampia 10.4 kwa volti 230. Plagi yetu ya ampia 13 inahimili. Mota tatu ni ampia 15.7, na hapo plagi imezidiwa, labda utumie soketi mbili za saketi tofauti. Waya wa ekstensheni uwe wa milimita 2.5 za mraba ukizidi mita 20, na uukunjue wote kutoka kwenye gurudumu lake, kwa sababu waya uliojizungusha unachemka hadi ganda lake linaweza kuyeyuka. Washa mota moja, subiri ishike kasi, ndipo uwashe ya pili. Kwa jenereta chukua ya kVA 5, za kVA 3 zinazidiwa wakati wa kuwasha. Na usifanye kazi hii bila RCD ya miliampia 30, yaani swichi inayokata umeme mara unapovuja. Uko kwenye maji, na mkononi una bomba la chuma.

Sasa mabomba. PVC ya milimita 50 yenye ukuta wa milimita 2 ina uzito wa kama gramu 420 kwa mita, alumini ya ukuta wa milimita 1.5 kama gramu 620, na kaboni ya ukuta mwembamba iko chini ya gramu 300. Ukitazama uzito peke yake utadhani PVC inaishinda alumini. Tatizo lake ni kupinda. Ikifika mita 4 kwenda juu inayumba, na mdomo unakosa gata. Kwa nyumba ya chini ya mita 3.5 PVC inatosha kabisa na ni rahisi kuipata. Ghorofa inataka alumini. Bomba hizi zinauzwa kwa urefu wa mita 6 hivi. Kata vipande vya mita 1.5, vinaingia kwenye gari na mtu mmoja anaviunga bila msaada. Kwa Dar es Salaam, mafundi wa Gerezani wanakata na kukuchongea soketi papo hapo ukienda na kipande cha mfano.

Kiungo kikae hivi: ncha ya chini ya bomba la juu iingie ndani ya bomba la chini. Uchafu unashuka, kwa hiyo ukifanya kinyume kila kiungo kinakuwa na ukingo unaoshika nyuzi na vijiti, na baada ya muda mfupi pameziba. Kwa PVC unapata soketi bila kununua: pasha sentimita 8 za ncha kwenye mafuta au mchanga wa moto hadi ilainike, isukumie juu ya kipande kingine kilichopakwa sabuni, kisha imwagie maji. Usiichome kwa mwali, moshi wa PVC una asidi inayounguza mapafu. Soketi iachie nafasi ndogo sana, robo ya milimita hivi. Ikibana mno, punje za mchanga zitaikwamisha na utahitaji watu wawili kuitoa. Ikilegea, hewa inavuja, na mvujo karibu na mashine unakuibia mvuto wote wa kule juu.

Kufunga viungo visichomoke, nimeona klampu za kukaza kwa bisibisi zinafaa kuliko pini. Pasua soketi mistari miwili ya sentimita 4 kwa msumeno mwembamba, zungusha tepu juu ya mipasuo, kaza klampu. Pini inataka tundu, tundu linavuja, na pini yenyewe inakatiza njia ya uchafu. Kasoro ya klampu ni muda: kila kiungo kinakuchelewesha. Hiyo ndiyo nyota niliyoiondoa. Kipande cha juu kabisa ongezea kamba nyembamba kutoka shingoni hadi bomba la pili, ili kikichomoka kisimwangukie mtu.

Shingo isiwe elbo moja ya nyuzi 90. Tumia elbo tatu za nyuzi 45 zilizotenganishwa na vipande vya sentimita 10, upate mkunjo wa nyuzi 135 ulio mpana. Mdomo uwe mwembamba kuliko njia nzima inayofuata. Hii ndiyo kanuni ninayoishikilia kuliko zote: kitakachopita mdomoni kipite kila mahali. Kwa mabomba ya inchi 2, mdomo wa inchi moja na nusu. Kwa mabomba ya inchi moja na nusu, bana mdomo kwa joto hadi uwe yai la milimita 30 kwa upana wake mdogo. Kabla ya kukata, pima nafasi kati ya ukingo wa bati na ukingo wa mbele wa gata. Nyumba nyingi bati linaingia juu ya gata, na nafasi ni ya vidole vinne tu. Kata ncha kwa mshazari, toboa tundu la milimita 10 sentimita 5 kutoka nchani. Tundu hilo linahakikisha hewa haikatiki hata mdomo ukizama kwenye tope, na hewa ikikatika hakuna kinachosafiri.

Kamera ya Wi-Fi ya bei ndogo inatosha, mradi haiingizi maji. Ifunge sentimita 20 nyuma ya mdomo. Zima data ya simu kwanza, la sivyo simu ikiona Wi-Fi ya kamera haina intaneti itaikimbia na picha itakatika. Picha inachelewa kidogo, kwa hiyo vuta polepole.

Kazini, chomoa kwanza bomba linaloingia kwenye simtanki. Anza kwenye tundu la kushushia maji, uzunguke pembeni yake bila kusukuma, kisha vuta mdomo kando ya gata ukiliacha tundu hilo. Tope lililokauka na kuota majani halinyonyeki; limwagie maji nusu saa kabla. Penye maji mengi chovya na kuinua, chovya na kuinua, hewa ipate kuyafuata maji. Sauti ya mota ikipanda ghafla, pameziba au kielea kimefunga: feni limekosa hewa ya kusukuma, ndiyo maana linazunguka kasi. Zima, angalia shingo, kisha kona ya chini.

Miti nayo ina tabia zake. Pwani, majani ya mvinje yanajisuka kama mkeka na kuziba mdomo. Yavunje kwa ncha kabla ya kuyanyonya. Majani makavu ya mwembe yanakwama yakiwa mapana, yakilowa yanakunjika na kupita. Nyanda za juu, magome ya mkaratusi yanakuja kwa vipande virefu, na hayo hayafai kunyonywa. Yavute kwa ndoano. Viota vya ndege pia, na uangalie kwanza kama kuna makinda.

Alumini na kaboni zote zinapitisha umeme. Waya unaotoka kwenye nguzo ya TANESCO mara nyingi unashika nyumba karibu kabisa na gata, na ganda lake likiwa limechakaa kwa jua huwezi kuliamini. Upande huo uuache hadi umeme ukatwe. PVC nayo, ikinyonya vumbi kavu, inajaza umeme tuli unaokuchoma vidole. Kulowesha uchafu kunaumaliza. Paa likiwa la asbesto usitumie kifaa hiki kabisa, kwa sababu chujio la sponji litarusha nyuzi zake hewani.

Seti zilizo tayari kutoka Uingereza, kama SkyVac, zina mabomba ya kaboni mepesi yanayoingiana kwa mchongoko bila klampu. Kwa anayefanya hii kama biashara kwenye majengo ya ghorofa mbili na zaidi, ningemshauri anunue mabomba hayo peke yake na ayafunge kwenye mashine yake. Mashine tunazopata hapa zinatosha. Kwa nyumba yako na za majirani, alumini na klampu zinafanya kazi. Ukimaliza, nyonya ndoo mbili za maji safi, tenganisha viungo vyote na ufute mchanga kabla havijakauka, acha pipa wazi, na uwashe mota dakika tano bila mpira ili unyevu utoke.