NetAnim, na siku Likoni ilipovuka feri: uzoefu wangu wa kupanga nodi

Mzee wetu wa ofisi alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Kisha akauliza, "Kijana, Likoni imepanda feri lini ikaja kukaa juu ya Mtwapa?"

Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwonyesha mtu kazi ya NetAnim, programu ya kuchora mitandao ya kompyuta. Mteja wetu ana maduka ya dawa kumi na moja, kuanzia Likoni, kusini ya kivuko, hadi Mtwapa kule kaskazini, na alitaka yote yaunganishwe kwa kebo na seva moja iliyoko kisiwani Mombasa. Kabla ya kumtoza hata shilingi nikaona tuuige mtandao wenyewe kwenye kompyuta, tuone utabeba nini na utakwama wapi. Hesabu zilikuwa sawa, paketi, yaani vifurushi vya data, zilikuwa zinafika. Lakini kwenye skrini nodi, yaani vidoa vinavyosimamia kila kifaa cha mtandao, zilitapakaa kama njugu zilizomwagika mezani. Changamwe ya magharibi ilikuwa mashariki, Nyali imejibanza pembeni, na nyaya zote zinapishana katikati kama mshipi ulionasa. Mzee kazaliwa Mji wa Kale. Huwezi kumwekea Nyali upande wa Miritini akanyamaza.

Kwa asiyezijua hizi programu: ns-3 ni ya kuigia mitandao, ni ya bure, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2008. Unaandika mtandao wako kwa lugha ya C++, unauendesha, unapata matokeo. NetAnim ni mwenzake wa kuchora. Uigaji ukiisha unabaki na faili la XML, na NetAnim hulifungua ikakuonyesha paketi zikikimbia kwenye nyaya. Kwa hiyo unachokitazama kimekwisha kutokea. Wengine huona hiyo ni kasoro, mimi naipenda: nikifika kwa mteja naenda na faili tu, na uigaji wenyewe uliochukua dakika ishirini umebaki ofisini.

Kosa la siku ile lilikuwa langu, na programu ilikuwa imenionya. Kwa kila nodi niliandikiwa onyo kwamba haina modeli ya mwendo, na kama imetulia mahali pamoja nitumie SetConstantPosition. Maonyo tele, ya maduka kumi na moja, seva na ruta zake, nami nikayapita yote. Nilipoona habari za mwendo nikajisemea hayo ni ya waifai na magari, duka la dawa haliendi popote. Kumbe kwa NetAnim hata kitu kisichotembea lazima kiambiwe kinasimama wapi. Usipokiambia, kitapewa mahali kwa kubahatisha, na hapo ndipo Likoni ilipopandia feri.

Dawa yake ni mstari mmoja kwa kila nodi:

anim.SetConstantPosition(maduka.Get(0), 60, 180);

Mstari huo unakaa baada ya kuunda nodi na nyaya, na kabla ya Simulator::Run. Na kitu chenyewe cha AnimationInterface (hicho anim), kinachoandika lile faili la XML, kiwe hai mpaka uigaji umalizike. Mimi wakati fulani nilikiunda ndani ya fankisheni ndogo, fankisheni ikaisha nacho kikaondoka nayo, nikabaki na faili lisilo na maana. Jioni nzima ilipotea hapo.

Sasa namba 60 na 180 nilizitoa wapi? Hapa ndipo nilipoanza kuifurahia kazi. Nilichukua longitudo na latitudo za kila duka kwenye ramani ya simu. Longitudo nikaitoa 39.60, nikazidisha kwa 1000, ikawa x. Kwa y nilijiandaa kwa taabu, maana kwenye NetAnim kona ya sifuri iko juu kushoto na y inakua kwenda chini, kinyume cha grafu tulizochora shuleni. Watu wa Ulaya wakiweka latitudo zao kama zilivyo, ramani inapinduka kichwa chini miguu juu. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Mombasa iko kwenye latitudo ya 4 na ushei kusini, na kadiri unavyoshuka kusini ndivyo namba inavyokua, sawasawa na y ya NetAnim. Unatupa alama ya kutoa, basi. Likoni, iliyo karibu na 4.08 kusini na 39.66 mashariki, ukiondoa 3.90 na kuzidisha kwa 1000 inaangukia (60, 180). Mtwapa, karibu na 3.94 na 39.74, inaangukia (140, 40). Likoni chini, Mtwapa juu kulia, kila mtu kwao.

Tena, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, nyuzi moja ya longitudo ni karibu sawa na nyuzi moja ya latitudo, kama kilomita 111. Kwa hiyo picha haivutiki upande wowote, na kila hatua kumi kwenye skrini ni kilomita moja na kidogo. Nilijisikia fundi siku hiyo.

Nikaongeza ramani ya mji kwa nyuma kwa SetBackgroundImage. Inakubali picha, mahali pa kuanzia, vipimo vya kuivuta kwa upana na kwa urefu, na kiasi cha kufifia. Kuilinganisha picha na nodi ni kazi ya kubahatisha na kurudia, na kila ukirekebisha unaendesha uigaji upya. Nilifanya hivyo mara tisa kabla Nyali haijatoka baharini. Ushauri wangu: punguza muda wa uigaji uwe sekunde moja wakati unapanga picha, urudishe muda kamili ukishapata unachotaka.

Ramani ilimridhisha mzee. Kwangu mimi ilileta tatizo jingine. Maduka matano kati ya kumi na moja yako kisiwani, na kisiwa chenyewe ni kidogo. Mwembe Tayari, Majengo, Mji wa Kale, Ganjoni, Tudor, vyote vimerundikana, vidoa vyekundu vimepandana, majina hayasomeki, huku pwani yote ya kaskazini ina nafasi tele. Kupunguza ukubwa kwa UpdateNodeSize kulisaidia kidogo. Mwishowe nikaandika mpangilio wa pili usiojali jiografia: seva juu katikati, ruta (vifaa vya kuelekeza paketi) mbili kubwa safu ya pili, ruta za maeneo safu ya tatu, maduka chini yakiwa yamepeana nafasi sawa. Huu ndio ninaoutumia nikiwa na mafundi, kwa sababu waya ukikatika unaona papo hapo paketi zinapita njia gani nyingine. Ramani ni ya mwenye mali, safu ni za fundi. Nimeiacha mipangilio yote miwili kwenye msimbo, nachagua kwa namba ninapoiendesha.

Kuna jambo ambalo karibu linichome, nalo ndilo ningependa kila anayeanza alijue. Katika mtandao wa waya, mahali unapoiweka nodi hapabadilishi lolote kwenye matokeo. Hapana kabisa. Mwenzangu mmoja alibishana nami kwamba ukiisogeza Mtwapa mbali, paketi zitachelewa zaidi. Tukajaribu: nodi mbili za waya wa moja kwa moja, kwanza zikiwa hatua 5 kutoka moja hadi nyingine, kisha hatua 5,000. Muda wa paketi kufika haukutofautiana hata nanosekunde. Kwenye waifai angekuwa sahihi, kwa sababu huko ns-3 hupima umbali na kudhoofisha mawimbi. Kwa waya, ucheleweshaji ni ile namba uliyouandikia waya wewe mwenyewe kwenye msimbo, na mstari kwenye skrini ni wa macho tu.

Alipokwisha kukubali, ndipo nikageukia msimbo wangu mwenyewe. Nilikuwa nimenakili mfano wa kwanza wa mafunzo ya ns-3, ule wa kasi ya 5Mbps na ucheleweshaji wa milisekunde mbili (2ms), na 2ms zile zilikuwa bado zimekaa kwenye kila waya. Mwanga ndani ya kebo ya faiba huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, maana yake mikrosekunde 5 kwa kilomita. Milisekunde mbili ni kilomita 400. Nilikuwa nimelaza kilomita 400 za kebo kati ya Mji wa Kale na Treasury Square, mahali ambapo ukienda kwa miguu kikombe cha kahawa chungu hakijapoa! Ramani nzuri ndiyo iliyonificha kosa hilo, kwani kila kitu kilionekana kiko karibu na kiko sawa. Sasa nakokotoa ucheleweshaji kwa kilomita za njia halisi ya kebo, wala si za mstari ulionyooka. Mstari wa NetAnim kutoka kisiwani hadi Likoni unakatiza juu ya maji moja kwa moja, lakini kebo yako huenda ikazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu.

Kero nyingine ni ya waya wa pamoja. Waya wa nodi mbili, NetAnim huuchora. Lakini ukitumia CSMA, yaani waya mmoja unaotumiwa na kompyuta nyingi, hakuna mstari unaochorwa. Utaona paketi zinaruka hewani kati ya nodi na mteja atakuuliza kama hiyo ni waifai. Ninachofanya ni kuzipanga nodi za CSMA kwenye safu moja iliyonyooka, y moja, x zikiongezeka kwa 15, jicho lijichoree waya lenyewe. Na angalia wingi wa paketi: kikomo cha kawaida ni 100,000 kwa faili. Mara ya kwanza nilidhani duka la Bamburi limekufa, kumbe faili ndilo lililojaa. SetMaxPktsPerTraceFile huongeza kikomo, ila faili likiwa zito laptopu ya ofisi nayo huanza kuhema.

Nimejaribu na nyingine. Packet Tracer ya Cisco ndiyo wengi wetu tuliyofundishiwa, unaburuta ruta kwa mausi unaiweka upendapo, huhitaji kuandika namba hata moja. Kwa kujifunza kupanga anwani na amri za ruta, hiyo hiyo. Lakini nikitaka kujua foleni ya paketi itakuwaje maduka kumi na moja yakituma hesabu za jioni kwa wakati mmoja, narudi ns-3. PyViz, inayokuja na ns-3 yenyewe, inaonyesha uigaji ukiwa unaendelea, na nodi zisizo na mahali inazipanga yenyewe kwa Graphviz, programu ya kupanga michoro. Kwa kuchungulia haraka ni nzuri kuliko NetAnim, ila kuisimika kulinitoa jasho la kaskazi. Wazee wa ns-2, iliyotangulia ns-3, watakumbuka nam, kichoraji chake, ambako hukuandika namba bali mwelekeo: waya huu uende kulia, ule uende kulia chini. Kusema kweli hapo nam ilikuwa na akili. Ningefurahi NetAnim ingekuwa na lugha kama hiyo.

Kama mtandao wako ni wa umbo la kawaida, usijichoshe na SetConstantPosition. ns-3 ina visaidizi vya nyota, vya gridi na vya umbo la makundi mawili yaliyounganishwa na waya mmoja katikati. Vyote vina BoundingBox: unataja kona mbili za mstatili, vinazipanga nodi humo vyenyewe. Mitandao ya kweli ya Mombasa haijawahi kuwa nyota safi, ila kwa zoezi la chuo inatosha.

Na ukifuata mafunzo ya zamani yanayokuambia uandike ./waf, jua kuwa tangu toleo la 3.36 la mwaka 2022 amri ni ./ns3. Nimewaona vijana wawili wakiacha kabisa kwa sababu ya hilo tu.

Nyota ngapi? Nne kwa kazi inayoifanya, mbili kwa jinsi inavyokuacha uhangaike na picha.

Mteja alikubali mpango wiki iliyofuata. Mzee sasa ndiye msimamizi wa ramani. Juzi kaja na kikaratasi: Kongowea nimeiweka karibu mno na daraja, niisogeze kulia kidogo, na Mtongwe mbona haipo. Nikamwambia mteja hana duka Mtongwe. "Atakuwa nalo," akasema, akakiacha kikaratasi juu ya kibodi.