Nembo mbili, nyota mbili

Chokoleti hii niliinunua kwa macho. Kakao asilimia 70, karatasi ya kaki, na mbele kabisa nembo mbili: ya kilimo hai na ya Fairtrade, yaani biashara ya haki kwa mkulima. Nikajiambia, iliyokaguliwa mara mbili haiwezi kuniangusha.

Imeniangusha. Nilipoimega haikulia, ilipinda kwanza ndipo ikakatika. Mdomoni ulianza uchungu wa majivu, ukafuata moshi, kisha ulimi ukakauka kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi. Moshi ule si siri: mvua ikizidi wakati wa mavuno, kakao hukaushwa kwa moto wa kuni badala ya kuanikwa juani, na moshi ukivuja, mbegu inaunywa. Ule ukavu nao ni wa mbegu zilizoondolewa mapema kwenye masanduku ya kuvundikia. Nyingi huhitaji siku 5 hadi 7 humo, huku zikigeuzwa. Ukizipasua, zilizovundikwa vizuri ni za kahawia ndani; ambazo bado ni za zambarau au kijivu. Utamu wote wa baadaye unaanzia kwenye lile sanduku.

Sasa, mkaguzi wa kilimo hai hapasui mbegu kutafuta zambarau. Anauliza habari za dawa na mbolea za viwandani. Wa Fairtrade anataka kujua kama ushirika umelipwa angalau bei ya chini iliyowekwa, pamoja na ile ziada ya maendeleo. Ni kazi ya maana, na kwa ajili yake nitaendelea kununua chokoleti zenye nembo. Ila hakuna aliyetumwa kuonja.

Kilimo hai nakipa sifa moja zaidi: mbegu zake hazichanganywi njiani na za kawaida. Fairtrade peke yake inaruhusu kakao ichanganywe kiwandani na isiyo yake, mradi hesabu ya kilichonunuliwa na kilichouzwa ilingane. Kwa hiyo unaweza kumlipa mkulima mmoja ukala mbegu za mwingine! Maelezo yapo nyuma ya karatasi, kwa herufi za kusomea miwani.

Jioni ileile nilifungua nyingine ya asilimia 70, haina nembo hata ya dawa. Nyuma wameandika bonde zilikotoka mbegu, mwaka wa mavuno, na viungo viwili tu, kakao na sukari. Ilikatika kwa mlio mkavu, ikayeyuka taratibu, na uchachu wake wa zabibu kavu nilikuwa nao mpaka napiga mswaki. Nimewahi pia kula yenye nembo zote mbili iliyoifikia hii. Nayo ilikuwa imetaja bonde na mwaka.

Hii ya kaki naipa nyota 2, na moja ni ya mkulima. Nusu iliyobaki niliiyeyusha kwenye maziwa ya moto, sukari vijiko viwili. Moshi ulipungua, haukuisha.