Kombe wa moto au Tridacna (jamii ya kombe wakubwa) kwa tangi la viumbe wa bahari nyumbani Mombasa?

Kombe wa moto, Ctenoides scaber wa Karibiani, humteka mtu papo hapo: nyama nyekundu, minyiri mirefu inayopepea, na akishtuka hupigapiga magamba yake mawili akaogelea. Shida ni tumbo. Hula vijimea vidogo mno vinavyoelea majini, na maji ya tangi lililochujwa vizuri karibu hayana kitu. Wengi hufa njaa ndani ya miezi michache, polepole, mwenye tangi akidhani mambo ni shwari. Kumlisha ni kazi ya kila siku, tena chakula kikizidi huchafua maji.

Tridacna maxima hubeba mwani ndani ya nyama yake, nao humtengenezea chakula kwa mwanga. Anataka taa kali na kalsiamu ya kutosha. Ila taa zikipasha maji, na joto la Mombasa mwezi Machi mnalijua, weka feni juu ya tangi.

Mimi ningemchukua Tridacna, tena kwa muuzaji mwenye vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Usimbandue kwenye miamba ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, ni marufuku.