Kipimajoto cha nyama kwa mpishi mwenye kinyaa
Mimi ni mtu wa kinyaa: kutia mkono ndani ya kuku mzima na kuvuta maini na firigisi zilizofungwa katika kifuko telezi hunitia kichefuchefu, na kipimajoto hiki, kwa bahati mbaya, hakiniondolei kazi hiyo. Kinachoniondolea ni hofu ya kupasua paja ili nitazame kama bado lina damu. Nilikichomeka kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, nikasubiri hadi kikaonyesha nyuzijoto 74 za Selsiasi, ndipo nikamtoa kuku katika oveni, ngozi yake ikiwa imekauka vizuri. Sindano ni nyembamba na husafishika upesi. Kasoro ni kioo chake, ambacho hufunikwa na mvuke wakati hasa ninapotaka kusoma tarakimu.