Tahadhari: mahema ya "Ngezi, karibu na soko la Chake" hayapo

Assalaam alaykum. Mnaopanga kwenda Pemba likizo hii ya skuli, someni kabla hamjatuma pesa.

Kuna mtu anatangaza mahema ya kifahari: kitanda kikubwa, choo humohumo, taa zimening'inizwa mitini. Anaandika yapo ukingoni mwa msitu wa Ngezi, "dakika tano kwa miguu kutoka soko la Chake Chake". Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Chake iko katikati ya kisiwa, Ngezi iko kaskazini, kupita Konde. Kwa daladala ni saa nzima na zaidi. Na kwenye picha, nyuma ya hema, kuna mlima mrefu. Pemba ni vilima na mabonde, mlima ule umetoka wapi?

Alitaka arubuni nusu, 180,000, kwa simu. Jina lililotokea ni la mwanamke, akasema ni mhasibu wake. Nikatuma. Tuliposhuka Mkoani alipokea simu vizuri tu, akatuambia twende Konde, gari itatusubiri. Baada ya hapo hakupatikana tena.

Tulikaa Konde mpaka magharibi. Mwanangu mdogo alisinzia juu ya begi la nguo, mkononi kashikilia tochi niliyomnunulia akaangalie popo wa Pemba, wale wasiopatikana kwengine duniani. Mwenye duka mmoja akatuchukua kwake, mkewe akatupikia. Mwenyezi Mungu awalipe. Asubuhi walinzi wa msitu walituambia hawajapata kuliona hema lolote la wageni pale.

Kitu kimoja kingeniokoa: kumuuliza yuko shehia gani, kisha kumtafuta sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa ule. Mtu halazi wageni kijijini sheha asijue. Mwenye biashara halali pia ana leseni ya Kamisheni ya Utalii, muombe namba uihakikishe kwao. Na ukishatuma ukaingiwa na shaka, ipigie kampuni ya simu saa ileile wauzuie muamala. Mimi nilingoja siku mbili, pesa zikawa zimeshatolewa.

Polisi nimeripoti, RB (namba ya ripoti) ninayo. Aliyetapeliwa na mtu huyu aniandikie pembeni tuunganishe maelezo.

Jana nimeziona picha zilezile, mlima uleule. Sasa anasema ni msitu wa Jozani, Unguja.