The Last of Us au Fallout, uanze na ipi?

Zote mbili ni series za TV zilizotoka kwenye gemu, zote dunia ishaharibika, ila hazifanani kabisa aisee. The Last of Us (2023, episodi 9) inakubana roho, fangasi kweli wameteka vichwa vya watu lakini hadithi yenyewe ni Joel na Ellie, baba aliyepoteza mtoto na mtoto asiye na mtu, afu ile episodi ya 3 ya Bill na Frank, yaani hiyo ni muvi kamili peke yake, mi nililia bila aibu.

Fallout ikaja 2024, episodi 8 zikamwagwa zote siku moja, nikazimaliza wikiendi. Damu na vichekesho humo humo. Walton Goggins kama Ghoul (mtu aliyeharibiwa na mionzi), jamaa hana hata pua ila akitokea tu humwangalii mwingine. Shida yake wahusika wengi, mwanzoni unapotea.

Kwangu Last of Us msimu wa kwanza inashinda. Wa pili (2025) hapana, episodi 7 tu, ukaisha ndo kwanza nanogewa. Ila kama umechoka na unataka kucheka, weka Fallout.