Sanduku la kadi za maswali kuhusu Welisi
Sanduku hili nililinunua katika duka la vitabu vilivyotumika hapa Lubumbashi, na kwa majuma mawili sasa tunalichezea nyumbani baada ya chakula cha jioni. Kadi ni nene na maandishi yanasomeka hata kwa mwanga wa mshumaa, jambo ambalo mkaaji wa mji huu hawezi kulidharau. Maswali ya jiografia ni mepesi mno: mji mkuu ni Cardiff, tangu 1955, mlima mrefu kuliko yote ni Yr Wyddfa, wenye mita 1,085. Utamu umo katika historia. Kadi moja inaeleza kwamba katika karne ya 19 Swansea iliyeyusha sehemu kubwa ya shaba ya dunia, ikiyapokea madini kwa meli kutoka Chile na Kuba kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa tele pale pale bandarini. Mjomba wangu, aliyezeekea kwenye tanuri za shaba hapa kwetu, aliomba isomwe mara mbili. Kasoro ni kwamba kadi sita hazimo, ingawa muuzaji aliniapia kuwa sanduku limekamilika, na hakuna mwongozo wa matamshi: tulibishana sana kabla ya kujua kwamba dd ya Kiwelisi ni dh yetu ya dhahabu.